Mzamia Mawingu na Jalada la Kaki

Kinyozi huyu hakuwahi kufundisha darasa lolote, lakini watu walimwita Profesa, na yeye akaitika. Mtu akiitikia jina kama hilo mwaka baada ya mwaka bila hata kukohoa kidogo, ujue limeshamkaa mwilini kama koti la kushonesha.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, kimoja kizima na kingine chenye ufa uliompa kila mteja pua mbili. Mezani palikuwa na mashine, vitana, poda na chupa ya kupulizia maji. Watu hawakuja kutafuta pua ya pili, bali walifuata rafu ya ukutani. Ilijaa vitabu vya katuni: mashujaa wanaoruka, mashujaa wanaopita kwenye kuta, na zile riwaya nene za michoro ambazo hazina shujaa yeyote, ila watu wa kawaida wanaoteseka kwa wino mweusi. Ukisubiri zamu yako unasoma bure. Ila utasoma alichokuchagulia Profesa, na zamu ikifika utafungwa shuka shingoni na kusikiliza maoni yake huku wembe uko nyuma ya sikio. Nani atabisha?

"Ngao Nyekundu, soma vile vya mwanzo tu," alikuwa akisema. "Ishia pale anapompoteza kaka yake. Baada ya hapo waliingia waandishi wengine, wakawa wanamuua na kumfufua, wanamuua na kumfufua, mpaka mkewe akachoka kununua sanda."

Bi Sumaku alimheshimu, kwa sababu ndiye shujaa pekee ambaye nguvu zake zinamtia hasara: hawezi kuingia jikoni kwake bila sufuria kumrukia. Kiwanda cha Chumvi, ambacho hakina hata ngumi moja, alikiweka juu kabisa, na aliyekitaka ilibidi anawe mikono kwanza.

"Katuni nzuri utaijua kwenye ukurasa usio na maneno," alisema. "Mchoraji akinyamaza, na wewe ukaendelea kusikia sauti, hicho ni kitabu. Akinyamaza ukapiga miayo, rudisha ulikokitoa."

Juu ya rafu alibandika tangazo kwa kalamu nene: HAKUNA KUANZIA MWISHO. Mtu aliyechungulia ukurasa wa mwisho alihesabiwa mwizi, na zamu yake ilisogezwa nyuma.

Vitabu vyote hivyo alivivalisha. Kila kipya kilipoingia, alikikatia karatasi ya kaki kama alivyofundishwa na mama yake enzi za shule, akakunja pembe, kisha akapaka gundi na kuunganisha jalada na karatasi ya kwanza ya ndani, yote, kutoka juu mpaka chini, ili wateja wasilichomoe. "Karatasi ya kwanza haina kazi," alisema. "Ipo kwa ajili ya gundi." Halafu akaandika jina la kitabu mbele, kwa herufi kubwa.

Sasa, katika rafu nzima palikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote. Kiliitwa Mzamia Mawingu, na kilitoka nchi ya mbali, kikatafsiriwa. Ni hadithi ya kijana anayepiga mbizi mawinguni kama wengine wanavyopiga mbizi majini, akitafuta watu waliopotelea huko. Kilipomfikia, Profesa aliona picha nzuri ya jalada imebandikwa upande wa nyuma. Akawacheka wachapaji, akasema bila shaka walikuwa wamelewa, akakivalisha kaki na kuandika jina upande wa mbele, mahali pake.

"Hiki," alikuwa akiwaambia wateja, na hapo hata mashine aliizima, "hiki ndicho kitabu. Mashujaa wengine wote hadithi yao ni ileile: mtoto yatima, anakua, anapigana, mwisho. Huyu anaanza na kaburi. Ukurasa wa kwanza kabisa, kaburi! Halafu tunamwona mzee, mkono mmoja hana. Unageuza kurasa, anazidi kuwa kijana. Katikati ya vita kubwa mkono unamrudia. Na mwisho? Mwisho yuko mdogo mapajani kwa mama yake, mama anampepea. Mchoraji amemrudisha mtu nyumbani. Nani mwingine ameweza?"

"Lakini Profesa," aliwahi kusema Chaji, jirani yake anayetengeneza simu, "mbona humo watu wanajibu kabla hawajaulizwa?"

"Ndiyo maisha, Chaji. Wewe umewahi kupata jibu ukiwa bado unakumbuka swali?"

"Na namba za kurasa zinarudi nyuma."

"Kama roketi inapotaka kuruka. Kumi, tisa, nane. Mtu anajiandaa kupaa. Tumia akili."

Chaji alitumia akili, akanyamaza. Na wote walionyamaza walianza kuwasimulia wengine habari ya roketi, kwa sauti ileile ya Profesa.

Basi mama mkwe akaja.

Alikuja kukaa kwa binti yake, yaani mke wa Profesa, kwa sababu magoti yalikuwa yamegoma na ngazi za kwake zilikuwa nyingi. Kati yake na mkwewe hapakuwa na ugomvi, wala hapakuwa na kitu kingine. Ilikuwa shikamoo, marahaba, umeshindaje, salama, na baada ya hapo kila mmoja akitazama kikombe chake. Mke wa Profesa, anayeshona sare za shule sebuleni huku mtoto wao mchanga amelala mkekani, alisema kukaa katikati yao ni kama kukaa benki.

Siku moja alipokuwa na oda nyingi, mke akamwomba mumewe akae na mama saluni mpaka jioni. Mama akapewa kiti cha karibu na dirisha. Akatazama rafu, akamtazama mkwewe, akavaa miwani.

"Hawa vijana waliovaa suruali za ndani juu ya suruali," akauliza, "ni wagonjwa?"

"Ni mashujaa, mama."

"Aa. Na nani anawafulia?"

Profesa akanyoosha mkono rafuni. Akampa Bi Sumaku. Mama akasoma mpaka jioni, akacheka peke yake mara kadhaa, na wakiwa njiani kurudi akasema, "Yule binti nampenda. Ila angeolewa na fundi seremala, nyumba nzima vyombo vya mbao, angepumzika." Profesa alicheka mpaka akasimama njiani. Tangu siku hiyo mama alikuja kila siku. Alisoma kila kitu na alikuwa na la kusema juu ya kila kitu. Ngao Nyekundu alimwona mtu wa kujionyesha. Kiwanda cha Chumvi alikisoma siku nzima, halafu akasema, "Huyu aliyechora amewahi kufanya kazi na wanawake. Angalia wanavyokaa wakichoka." Mkwe na mama mkwe wakawa wanabishana mpaka mezani nyumbani, na mke akasukuma cherehani yake pembeni awasikilize vizuri.

Mama alikuwa na tabia moja tu mbaya. Kila kitabu alikifungua kwanza nyuma. "Nataka kujua kama kuna maiti," alisema. "Nikijua mapema, nalia kidogokidogo." Profesa alimwonyesha tangazo. Mama akalisoma kwa heshima zote, na aliendelea kuchungulia akidhani haonekani.

Siku ya mkosi ilikuwa siku ya wateja wengi. Benchi limejaa, wengine wamesimama mlangoni. Mama alikuwa dirishani na Mzamia Mawingu, na alipomaliza akavua miwani, akajifuta macho kwa upande wa mtandio.

"Masikini," akasema. "Mama yake alikuwa anampepea vile, kumbe anampepea mtu wa kufa peke yake. Na mkono ule! Wamemkata mkono mtoto wa watu, halafu kaburini hakuja hata mmoja."

Vichwa vikageuka. Kitabu kile wote walikijua.

Profesa akazima mashine. Angeweza kusema tutazungumza nyumbani. Lakini benchi lilikuwa linamtazama, na yeye alikuwa Profesa.

"Mama, mkono haukatwi. Unarudi."

"Unakatwa, mwanangu. Nimeuona ukikatwa."

"Kaburi liko mwanzo."

"Liko mwisho."

"Jamani," Profesa akaligeukia benchi, "kaburi liko wapi?"

"Mwanzo!" wakaitikia kama watoto wa shule.

"Mama ameanzia wapi hiki kitabu?" akauliza Profesa, sasa anatabasamu.

Mama akakigeuza kitabu mikononi. Akakigeuza tena. Alikuwa amechungulia nyuma kama kawaida yake, akaona mtoto mapajani kwa mama yake, akajisemea kumbe huku ndiko mwanzo, akaendelea. Lakini kuchungulia kulikuwa kwingi, na kwa vitabu vingi, na sasa watu wote walikuwa wanamtazama. "Nilidhani nimeanzia mwanzo," akasema.

"Ndiyo umri huo, mama," alisema Profesa. "Kurasa zinaanza kuchanganyika kichwani. Anza na miwani mipya, ikishindikana tutafute kichwa kipya."

Benchi likavunjika mbavu. Chaji alipiga makofi. Mama naye akacheka, kicheko kifupi, akakirudisha kitabu kwenye rafu polepole, kikiwa kimetazama upande uliotakiwa. "Labda," akasema.

Profesa akawasha mashine. Alikuwa ameshafika kisogoni kwa mteja ndipo akakumbuka habari ya dada mkubwa wa mama. Yule bibi akili zilimhama taratibu mpaka akasahau jina la mwanawe, na ugonjwa wake ulianza hivyohivyo: alikuwa akisimulia maziko kwanza, halafu ugonjwa. Mama mwenyewe ndiye aliyemhadithia, wakirudi nyumbani. Profesa akainua mashine, akageuka kumtazama mama. Lakini kicheko kilikuwa bado kinaendelea benchini, na kilikuwa kicheko chake.

Kesho yake mama hakuja saluni. Kesho kutwa pia. Alisema benchi linamuumiza, ingawa hakuwahi kukaa benchini.

Wiki haikuisha, chupa ya maji ikapasuka kizibo ikiwa juu ya rafu. Profesa alirudi kutoka kununua wembe akakuta Mzamia Mawingu kimelowa jalada. Akawasha mashine ya kukaushia nywele na kukipuliza kwa huruma kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Joto likaingia kwenye gundi. Kaki ikajikunja, ikaachia, na ile karatasi ya kwanza, isiyo na kazi, ikafunguka.

Palikuwa na picha ya Mzamia Mawingu mwenyewe, kanyoosha kiganja kama askari wa barabarani. Chini yake, kwa herufi kubwa, paliandikwa: SIMAMA, NDUGU MSOMAJI! HUU NI MWISHO WA KITABU. HUKO KILIKOTOKA KITABU HIKI HUSOMWA KUTOKA KULIA KWENDA KUSHOTO. GEUZA, UANZE UPANDE WA PILI.

Mashine ya kukaushia iliendelea kuvuma mkononi mwake. Alisoma mara ya pili. Akageuza kitabu, akafungua upande wa pili, akafuata visanduku kuanzia kulia. Mtoto akapepewa mapajani. Watu wakauliza, ndipo wakajibiwa. Namba zikapanda kama namba za watu wenye adabu. Mkono ukakatwa. Na mwishoni kaburi lilikuwa peke yake chini ya mawingu, ukurasa mzima bila neno hata moja, nao ulipiga kelele.

Aliona aibu mpaka kwenye nyayo. Wateja wangapi aliwageuza kichwa chini! Ile roketi! Alifumba macho, akajisikia mwenyewe akisema "tumia akili," na alipoyafumbua, kwenye kioo chenye ufa akajiona ana pua mbili na hana hata uso mmoja.

Ungedhani alikimbia nyumbani akapiga magoti. Hakukimbia. Alichungulia mlangoni, akaona Chaji ameinamia simu yake. Akachukua gundi, akapaka, akaibandika karatasi ile pale pale, akaikandamiza kwa chupa ya poda mpaka ikashika. Kisha akakirudisha kitabu kwenye rafu. Na aliponawa gundi vidoleni, alinawa kwa muda mrefu.

Jioni nyumbani alikuta mkoba wa mama uko mlangoni, umefungwa. Mkewe alikuwa ameketi mbele ya cherehani bila kushona, mkononi ana funguo.

"Mama anataka kurudi kwake," akasema. "Amenipa funguo za akiba na hereni zake. Anasema anipe wakati bado anajua anampa nani."

"Amesema kwa nini?"

"Anasema magoti. Nikamuuliza, saluni kuna aliyemkosea? Akaniambia mumeo ananiheshimu kuliko nilivyotegemea." Mke akamtazama. "Nikasema afadhali."

Profesa alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye sare ya shule iliyokosa mkono mmoja.

Ndani, mama alikuwa ameketi kitandani. Mjukuu mchanga alikuwa analia kwenye mkeka, na yeye anamtazama tu, mikono ameikumbatia.

"Mama, mbona humbebi?"

"Mbebe wewe, baba. Mimi simbebi tena, nisije nikamweka mahali nikasahau. Dada yangu aliwahi." Alisema hivyo bila kilio, kama mtu anayetaja bei. "Na jiko nimemwambia mwenzio asiniachie peke yangu. Naomba nikuulize, na usinifiche. Yule kijana wa mawinguni. Nimewaza usiku na mchana. Kweli mkono wake ulirudi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Tutazungumza, mama," Profesa akasema. "Usiondoke kesho. Njoo kwanza saluni asubuhi. Nakuomba."

Akambeba mtoto akatoka naye, na mtoto alinyamaza haraka, kana kwamba naye ameona haya kwa niaba ya baba yake. Mbona hakusema palepale? Mwenyewe alijiambia kwamba alimvunjia heshima mbele ya watu, basi heshima yake irudi mbele ya watu. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba alikuwa anajinunulia usiku mmoja zaidi wa kuwa Profesa, na bei yake akailipa yule aliyekuwa macho chumba cha pili.

Asubuhi benchi lilijaa. Mama aliingia ameshikwa mkono na binti yake. Hakwenda dirishani. Alikaa karibu na mlango, kama mgeni.

Profesa alikuwa amefunga shuka shingoni mwa mteja na kumnyoa upande mmoja wa kichwa. Akazima mashine.

"Leo nina maoni," akasema.

"Ndiyo maana tumekuja," akasema Chaji.

Alichukua Mzamia Mawingu, akachomeka ukucha chini ya kaki. Gundi ya jana ilikuwa imeshika vizuri, maana aliyeibandika alikuwa na bidii. Karatasi ikachanika pembe, ikatoka. Akaiinua juu wote waone kile kiganja, akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, haina uprofesa ndani yake:

"Kaburi liko mwisho. Mkono unakatwa. Mama yangu huyu alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyesoma kinyumenyume, nikawasomesha na nyinyi, nikamcheka. Halafu jana nikaliona hili tangazo, nikaliziba tena kwa gundi ili msinicheke. Mama, kichwa chako ni kizima. Kibovu ni hiki changu. Nisamehe."

Mkewe aliufunika mdomo kwa kiganja. Hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo," Chaji akauliza taratibu, "ile si roketi?"

"Si roketi."

"Nimemwambia mchumba wangu ni roketi!"

Hapo kikalipuka kicheko ambacho kilimtoa machozi hata yule mwenye nusu ya nywele. Profesa alisimama katikati akakipokea chote. Hakikuwa na ubaya, na ndiyo maana kilimuuma. Alimtazama mama tu.

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akapewa kitabu, akavaa miwani, akaisoma ile karatasi kwa kidole, neno kwa neno, kama anayekagua hati ya kiwanja. Akaisoma tena. Pumzi ikamtoka ndefu sana, na mabega yake yakashuka mahali yanapokaa mabega ya watu.

"Uliliona jana," akasema. "Kabla sijakuuliza, au baada?"

"Kabla, mama."

"Nikakuuliza, ukaniambia tutazungumza."

"Ndiyo, mama."

Binti yake aligeuka akamtazama mumewe kwa jicho la kuchana, mchano ambao cherehani isingeushona kirahisi.

"Haya," mama akasema mwishoni. "Binti yangu, nirudishie hereni zangu." Akazivaa palepale, mbele ya kioo chenye ufa, moja baada ya nyingine. "Na malizeni kumnyoa huyu, atapata baridi upande mmoja."

Hakuondoka siku ile, wala wiki ile. Alirudi kwenye kiti cha dirishani, akambeba mjukuu, akawasha jiko. Wateja walimpa Profesa jina jipya, Kinyumenyume, na aliliitikia, ingawa kwa kukohoa kidogo. Tangazo la ukutani alilibandua mwenyewe. Watu wakawa wanasoma watakavyo, na wengine walikisoma Mzamia Mawingu pande zote mbili wakabishana ni upande upi bora. Hata mama alikubali, kwa shingo upande, kwamba upande wa mkwewe ni wa uongo lakini unampeleka mtoto nyumbani.

Tena wanabishana mezani kama zamani. Chaji huuliza mara kwa mara kama Bi Sumaku naye asomwe kuanzia juu au chini. Yote yamekuwa mzaha, na mzaha haumuumizi mtu.

Ila kuna jambo moja. Kila mama akitoa kitabu kwenye rafu, hata kile alichokwisha kukisoma, hakifungui tena nyuma kutafuta maiti. Hukiinua kwa mikono miwili, hukigeuza huku na huku, halafu humtazama mkwewe juu ya miwani.

"Hiki nacho, mwanangu," huuliza, "kinaanzia wapi?"

Benchi hucheka. Profesa huzima mashine na kumwendea, humfungulia ukurasa wa kwanza na kumwekea kidole pale penyewe, na kila mara huinama kidogo amtazame usoni, ajue kama anamtania au anauliza kweli. Mama huwa ameshainamia kitabu. Mpaka leo Profesa hajaweza kujua.